Jino Halivutwi

Mgonjwa wa jino haangalii uso wa daktari, huangalia mikono. Nililiona hilo asubuhi ya kwanza ya kambi, nimesimama kando ya kiti cha mwalimu kilichoegemezwa ukutani, taa imenibana kwenye paji la uso. Kazi zangu zilikuwa mbili, kumulika na kutafsiri. Kitini alikaa mzee mvuvi. Muda wote daktari alipokuwa akijitambulisha, macho ya mzee yalikuwa kwenye sinia. Aliutazama mkono ulipochukua kioo kidogo, akautazama ulipokirudisha, akautazama ulipopita juu ya koleo bila kuligusa. Hapo ndipo aliposhusha pumzi.

Tulikuwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, kwenye shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo ya Juni. Kutoka Mwanza tulivuka kwa feri hadi Nansio, na kutoka hapo masanduku ya vifaa yakapanda lori. Madaktari wanne wa kujitolea walitoka Uingereza kwa nauli zao wenyewe. Wenyeji wao walikuwa wawili: tabibu wa meno, mama wa makamo anayefanya kazi kituo cha afya huko huko kisiwani, na afisa tabibu kijana wa zahanati, ambaye hakuwahi kung'oa jino hata moja. Mimi nilijitolea kwa upande wa lugha. Kambi ilikuwa ya siku sita. Siku ya kwanza, kabla jua halijapanda, foleni ilikuwa imeshazunguka mwembe wa uwanjani mara mbili.

Kiswahili kimelipa jino kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Jino zima huuma muwa, na jino bovu humuuma mwenyewe. "Linaniuma tangu mvua za mwaka juzi," mzee alisema, akaweka kidole kwenye taya ya chini, upande wa kulia. Alikwisha maliza vidonge vya dukani. Alikwisha kubana karafuu kwenye tundu, na karafuu ilimsaidia kweli, kwa sababu mafuta yake hutuliza mshipa wa fahamu. Mafuta hayo hayo huchanganywa na unga wa zinki kufanya dawa ya kuziba jino kwa muda, na ndiyo maana chumba cha daktari wa meno, popote duniani, hunukia kama ghala la Pemba. Lakini karafuu haifiki mzizini, na mzee alikuwa hajalala vizuri kwa majira kadhaa ya mvua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Mimi naielewa hesabu hiyo kwa usiku. Kila mmoja wao anao wake, wa kukaa kitandani ameshika shavu huku nyumba nzima imelala.

Daktari aliyemhudumia alikuwa mkubwa wa timu, mwenye mvi tupu, na kazi hii alikuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka 40. Alisema "shikamoo" kwa kujikaza, na mzee akamjibu, "Marahaba, mwanangu." Kisha daktari akaifumbata kiganjani chupa ndogo ya lignokeini, akatulia nayo. Nilidhani anawaza. Kumbe anaipasha joto la mwili, maana dawa ya baridi huchoma inapoingia.

Kidole gumba chake cha kushoto kikaingia mdomoni, kikapapasa ukingo wa mfupa unaopanda nyuma ya magego ya chini, kikatulia penye kibonde. Mshipa wa fahamu unaohudumia meno yote ya chini ya upande ule huingia ndani ya mfupa jirani ya hapo, na hakuna jicho linaloweza kuuona. Sindano husafiri kwa kuamini kile kidole. Alipofika alivuta bomba kidogo ili ahakikishe halirudishi damu, kisha akasukuma dawa taratibu mno, mililita moja kwa karibu dakika nzima. Alinieleza baadaye kwamba maumivu mengi ya sindano hutokana na haraka ya anayechoma. Mzee hakukunja hata uso.

Baada ya sindano mgonjwa alihamia kwenye benchi la kungojea ganzi. Nalikumbuka benchi lile kuliko mahali pengine popote pa kambi. Walikaa watatu watatu, na kila baada ya dakika chache nilipita nikiuliza: mdomo umekuwa mzito? Mama mmoja aligusa mdomo wake, akafikiri, akajibu, "Ni kama mdomo wa mtu mwingine." Daktari hakugusa jino la yeyote mpaka apate jibu la namna hiyo. Penye usaha ganzi hukawia, na wakati mwingine hukataa kabisa, kwa kuwa nyama iliyovimba huidhoofisha dawa. Wagonjwa wa namna hiyo aliwarudisha benchini bila kuonyesha uchovu, akawachoma tena, akangoja tena, foleni ikiwa bado inazunguka mwembe.

Tunasema kung'oa jino, na kung'oa ni neno la muhogo na kisiki. Kwa hiyo zamu ya mzee ilipofika nilitegemea kuona nguvu za kuvuta. Sikuziona. Jino halivutwi. Daktari alipenyeza wenzo mwembamba kati ya jino na ufizi, akauzungusha kidogo sana, kiasi ambacho kama nisingekuwa namulika nisingejua kwamba umezunguka. Kisha midomo ya koleo ikateremka kando ya gego, ikapita chini ya ufizi, na hapo akafanya jambo lililonishangaza: akasukuma chini. Alilisukuma jino kuelekea kwenye mizizi yake.

Niliuliza jioni, naye akanichorea kwenye ubao wa darasa. Mfupa unaolishika jino una uwazi uwazi ndani yake kama sponji ngumu, na kati ya mfupa na mzizi kuna nyuzi nyembamba zilizolining'iniza jino tangu lilipoota. Ukivuta kwa nguvu, kinachokatika ni jino, na mizizi hubaki ndani. Ukisukuma, ukaegemea upande mmoja na kutulia, mfupa hupanuka kidogo, nyuzi huachia chache. Ukiegemea upande wa pili na kutulia, huachia nyingine. Jino la mbele lenye mzizi mmoja wa mviringo huzungushwa. Gego lenye mizizi miwili au mitatu halikubali kuzungushwa, hutikiswa kuelekea shavuni na kuelekea kwenye ulimi. Kila jino na njia yake ya kutokea, na mkono unapaswa kuijua njia hiyo kabla ya koleo kushika.

Basi alimwegemezea mzee lile gego kuelekea shavuni, akatulia. Nilihesabu kimoyomoyo, sekunde tano, sita, saba. Akarudi upande wa ulimi, akatulia tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishika taya kwa chini kama mtu anayepokea embe, ili kiungo cha taya kisibebe uzito. Begani hakukuwa na mkazo wowote. Niliiangalia misuli ya mkono wake wa kulia nikaona inafanya kazi na kupumzika, inafanya kazi na kupumzika, kwa mwendo wa mtu anayepiga kasia safari ndefu.

Hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeelekezwa niwaambie wagonjwa kwamba ganzi huua maumivu lakini haiui msukumo. Nikamwambia mzee: "Babu, utasikia kusukumwa. Ukisikia maumivu, nyanyua mkono wa kushoto, ataacha palepale." Kwetu mtu husikia maumivu kama anavyosikia sauti, na kwenye kiti kile maana zote mbili ni za kweli. Nyuzi zinapoachia, mfupa hupeleka mlio hadi sikioni. Mgonjwa husikia kichwani mwake mkatiko ambao sisi tuliosimama karibu hatuusikii, na asiyeonywa hudhani taya imevunjika. Nilijifunza kusema mapema: "Utasikia kama kijiti kikavu kinavunjika. Hiyo ni dalili njema." Niliposema hivyo, mikono iliyoshika kingo za kiti ililegea.

Gego likapanda lenyewe. Sina namna nyingine ya kuieleza. Daktari alilifuata tu na koleo lilivyokuwa likija. Kabla ya jambo jingine lolote aliligeuza mbele ya taa akaihesabu mizizi. Ilikuwa miwili, mizima, ncha zake ziko mahali pake. Akalibana tundu kwa vidole viwili ili mfupa uliopanuka urudi, akakunja shashi, akamwambia mzee aing'ate kwa nusu saa. Asiteme mate, asisukutue mpaka kesho, na kesho iwe maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mzee aliomba alione jino. Alilishika kiganjani muda mrefu, akalizungusha. "Kitu kidogo hivi," akasema, na shashi mdomoni.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kila jino lililong'olewa kambini, hata kwa mkono mzuri kama ule, lilikuwa jino lililocheleweshwa. Ndiyo maana nilipopata nafasi nilihamia meza ya pili, ambako mama tabibu alikuwa akiyashughulikia meno ambayo bado yalikuwa na maisha.

Wageni walikuja na mashine ya kutobolea inayobebeka, na jenereta iliingurumia nje ya dirisha la darasa la tano. Meza ya mama tabibu haikuhitaji umeme. Ilikuwa meza mbili za walimu zilizounganishwa, godoro jembamba juu yake, na yeye amekaa kwenye stuli nyuma ya kichwa cha mgonjwa. Kwenye sinia yake palikuwa na kioo, kibanio, vipande vya pamba, kishoka kidogo chenye makali ya milimita chache, na vijiko vitatu ambavyo kikubwa chao kisingebeba punje ya mchele.

Alilala msichana wa darasa la tano, mwenye tundu kwenye gego la kwanza, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi na ambalo wazazi wengi hudhani ni la utoto. Kwa juu tundu lilionekana kama nukta nyeusi. Mama tabibu alilikausha kwa pamba, akaweka ncha ya kishoka kwenye ukingo, akakizungusha mbele na nyuma, na gamba la nje lililobaki bila cha kuliegemeza likavunjika kama ganda la yai. Ndani palikuwa na pango.

Hapo vijiko vikaanza kazi. Alianzia kuta za pango, chini kidogo ya gamba, akichota kwa mzunguko na kufuta kijiko kwenye pamba. Uozo ulitoka laini na umelowa, rangi ya kahawa, kama mbao iliyokaa mvuani. Alipomaliza kuta ndipo aliposhuka sakafuni, na mwendo wake ukabadilika. Kijiko kilipita mara moja, kikasimama. Kikapita tena. Nilisikia sauti ikigeuka. Mwanzoni haikuwepo kabisa, kisha ukaja mkwaruzo mdogo mkavu. Sakafu bado ilikuwa na rangi ya hudhurungi. Nilimwuliza kwa nini haendelei, mbona haijawa nyeupe.

"Siifuati rangi," alinijibu bila kuinua macho. "Naufuata ugumu. Hii imeguswa na ugonjwa lakini haijaoza. Chini yake pana uhai wa jino. Nikiichokonoa nitaufikia, halafu huyu mtoto ataishia kwenye kile kiti cha pale."

Aliacha, na kwa macho yangu pale ndipo ufundi wake ulipokuwa. Mtu yeyote mwenye kijiko chenye makali anaweza kuchimba. Kujua kwamba hapa panatosha, ndani ya pango lisilotosha hata kunde, kwa kuhisi tu namna chuma kinavyokwaruza, ni jambo la miaka.

Saruji ya meno anayoitumia huitwa glasi ayonoma, iliyobuniwa London na wanakemia Alan Wilson na Brian Kent, ikajulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hushikana na jino lenyewe bila kuhitaji tundu lichongwe zaidi, na huachia floraidi kidogo kidogo. Mama tabibu alilipangusa pango kwa asidi hafifu kwa sekunde kumi na kitu, akaliosha kwa pamba yenye maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akalikausha. Akapima kijiko kimoja cha unga na tone moja la maji yake, akavikoroga kwa haraka iliyonishtua, kwani tangu asubuhi sikuwa nimemwona akiharakisha chochote. Saruji hiyo hushika jino ikiwa bado inang'aa. Ikifubaa, muda umepita. Aliijaza, akaipitisha kidogo ukingo, akapaka vaselini kwenye kidole kilichovaa glovu, akakibonyeza juu ya jino, akatulia.

Kidole kile kilikaa pale nusu dakika. Kilikuwa kinaisukuma saruji iingie kila mfereji wa gego. Kisha akakizungushia pembeni ili kisiondoke na kazi. Akachonga ziada, akamng'atisha msichana karatasi ya rangi aone panapogusa kupita kiasi, akachonga tena, akapaka vaselini tena. "Usile kwa saa moja, mwanangu." Hakukuwa na sindano wala mlio wa mashine. Msichana alikaa, akapeleka ulimi nyuma, akauacha huko.

Njia hii ulimwengu huijua kwa kifupi chake cha ART, na ilizaliwa nchini mwetu. Katikati ya miaka ya 1980, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakitafuta jinsi ya kuyaokoa meno ya watu wa vijijini, mahali ambapo hapakuwa na umeme wa kuendeshea mashine. Jibu lilikuwa vifaa vya mkono. Kutoka Tanzania njia ilipelekwa kufanyiwa majaribio Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Mwaka 2021 glasi ayonoma iliingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Watu walioanza kwa kukosa umeme wamewafundisha wenye umeme kwamba jino halihitaji kuchimbwa kama walivyodhani. Mmoja wa madaktari wa Uingereza, mwanamke kijana, alivuta stuli siku ya tatu akakaa kando ya mama tabibu asubuhi nzima. Alikuwa ameisoma njia hiyo chuoni. Alitaka kuisikia ile sauti inavyogeuka.

Nyuma ya darasa vijana wanne wa kijiji walikuwa na mabeseni matatu na jiko la mkaa. Kila kifaa kilipita kwenye maji ya dawa, kwenye brashi na sabuni, kwenye maji safi, kisha kwenye sufuria kubwa ya presha, dakika 15 tangu mvuke ufike nyuzi 121. Aliyeshika saa alikuwa mvulana ambaye hakukubali kuifungua sufuria kwa sekunde moja pungufu, hata aliyeomba akiwa daktari. Namtaja kwa sababu mikono yote ninayoisifu isingekuwa na thamani bila uaminifu wake.

Nisiifiche kasoro ya kambi. Huja, hupunguza foleni, huondoka, na jino la mwezi ujao halina pa kwenda. Nayaheshimu zaidi makundi yanayolijua hilo. Shirika la Bridge2Aid la Uingereza, kwa kazi yake ya Mwanza, limejulikana kwa kuwaweka madaktari wa kujitolea kando ya matabibu wa vijijini, ili tabibu aweze kung'oa jino bovu kwa usalama wageni watakapokuwa wamekwenda. Kambi yetu ilifuata mwendo huo. Yule kijana wa zahanati alikaa siku mbili akitazama tu. Siku ya tatu alichoma ganzi, kidole gumba cha daktari kikiwa juu ya chake, kikitafuta naye kile kibonde. Siku ya nne alishika koleo.

Alikuwa na nguvu, na nguvu zilimsumbua. Mara tatu nilimwona bega likipanda na mkono ukianza kuvuta, na mara tatu daktari mwenye mvi akaweka vidole viwili kwenye kiwiko chake. Hakusema kitu. Neno alilokuwa amelijua wiki ile, na ambalo sikuhitaji kumtafsiria tena, lilikuwa "taratibu", lakini hata hilo hakulisema. Vidole vilikaa tu pale mpaka bega likashuka. Kijana akasukuma chini, akaegemea, akatulia. Niliiona midomo yake ikihesabu. Kitini alikuwa dada mmoja mwenye mtoto mgongoni kwa mdogo wake, na jino lilipopanda hakujua kwamba limetoka. Kijana aliligeuza mbele ya taa yangu akahesabu mizizi kwa sauti: "Mmoja. Miwili." Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa ameshaondoa mkono kitambo, na kijana hakuwa amegundua.

Jioni ya siku ya sita tuliyarudisha madawati, tukaufuta ubao wenye mchoro wa taya. Wageni walikuwa wakifunga masanduku. Mama tabibu alikuwa amekaa kizingitini, kwenye mwanga wa mwisho, na jiwe bapa mapajani. Alidondosha tone la mafuta juu yake, akalaza kijiko kidogo kuliko vyote, akakipitisha kwenye jiwe kwa mviringo ule ule aliotumia mdomoni mwa msichana. Kisha akakiweka juu ya ukucha wa kidole gumba, akakisukuma kidogo. Kiliteleza. Akakirudisha kwenye jiwe.

Nilimwambia kambi imekwisha, apumzike. Akasema Jumatatu ana wagonjwa kituoni. Akakijaribu tena juu ya ukucha, na safari hii kikang'ata, hakikuteleza. Akakifuta, akakilaza kwenye kitambaa, akachukua cha pili.